Ampli ya stereo na homu thieta sebule moja: njia tano za kuziunganisha

Shemeji yangu wa Nyegezi, Mwanza, ana ampli ya stereo aliyoachiwa na baba yake, chuma cha kubebwa kwa mikono miwili, na spika mbili za mbao zinazomfika mtu mzima kiunoni. Miaka yote zimempigia kwaya asubuhi na dansi la zamani jioni, naye hakuwa na neno. Kisha watoto wakataka sinema ya sauti inayozunguka chumba. Ikaletwa risiva ya chaneli tano, spika ya kati, mbili ndogo za nyuma na sabufa. Nilipofika Jumamosi nilimkuta sakafuni, amezungukwa na nyaya. "Shemeji," akasema kabla hata sijakaa, "hizi spika kubwa sasa nimpe nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Spika ya kati, za nyuma na sabufa hazina mgogoro, ni mali ya risiva. Ugomvi wote uko kwa zile mbili za mbele, maana zina wachumba wawili. Ukishaamua nani aziendeshe na wakati gani, mengine ni kuchomeka tu. Na niseme mapema: risiva ninayoizungumzia hapa si kile king'amuzi cha dishi. Ni ile mashine inayopokea HDMI kutoka kwenye runinga au deki, ikaigawa sauti ya sinema chaneli tano au zaidi, na kuzisukuma spika zote.

Vipimo tutakavyotumia

Njia ziko tano, na kila moja nitaipitisha kwenye mambo yaleyale. La kwanza ni muziki wa chaneli mbili, yaani kwaya, bongo fleva, ngoma, chochote kilichorekodiwa kulia na kushoto. La pili ni sinema. La tatu nimeliita mwenye rimoti: je, mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuwasha na kutazama bila kukupigia simu ukiwa kazini? La nne ni umeme, ukijumlisha uniti za Luku, joto na radi. La mwisho ni mfuko.

Kuhusu sinema kuna kosa ninalolisikia kila mara. Mtu anasema maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri, kwa hiyo anatafuta ampli ya stereo ya kuzitia nguvu spika za mbele. Pesa hiyo imepotea njia. Katika sinema ya chaneli tano, mazungumzo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye spika ya kati, na hiyo ampli ya stereo haiigusi. Kama maneno hayasikiki, ongeza kiwango cha spika ya kati kwenye menyu ya risiva, iinue ielekee masikioni, au nunua ya kati inayofanana kabila na za mbele. Ampli haimo kwenye dawa hiyo.

Kwanza, hatari

Fahali wawili hawakai zizi moja. Usifunge kamwe nyaya za spika za ampli mbili kwenye spika ileile kwa wakati mmoja, hata kama moja imezimwa. Umeme wa ampli inayopiga hautaishia kwenye spika. Utaingia kwa mlango wa nyuma kwenye transista za mwenzake. Fundi mmoja alinifungia hivyo miaka ya nyuma akisema "haina shida, tumia moja moja". Nilitumia moja moja, na ile nyingine ikanuka moshi.

Vilevile, matundu ya spika ya mashine moja hayaingii kwenye matundu ya RCA ya mashine nyingine, yale ya pini nyekundu na nyeupe. RCA inategemea volti moja au mbili. Ampli inayotoa wati 100 kwenye spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika) inasukuma takriban volti 28.

Njia ya 1: Risiva ifanye yote

Nimeianza hii kwa makusudi, kwa kuwa watu wengi huiruka bila kuijaribu.

*Muziki.* Sebule ya kawaida, sauti ya kawaida, spika hutumia wati chache tu. Ukiongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, unapata desibeli 3, ongezeko ambalo mgeni wako anaweza asiligundue. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kama sababu yako ya kuunganisha ampli ni hesabu ya wati, tulia kwanza. Risiva nyingi pia huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Unaiweka pale unapokaa, inapiga milio, kisha inarekebisha besi. Kwa nyumba zetu za tofali na sakafu ya vigae, ambamo besi hukusanyika pembeni kama maji ya mvua, marekebisho hayo yanaweza kukusaidia kuliko ampli ya bei mbaya. Panapozidiwa ni kwenye spika ngumu za ohm 4 (ohm zikipungua, mzigo wa ampli huongezeka) na chumba kikubwa. Soma nyuma ya risiva uone ohm inazozikubali.

*Sinema.* Hapa ndipo ilipozaliwa.

*Mwenye rimoti.* Hakuna inayoishinda. Runinga na risiva vikishikana kwa HDMI ARC, tundu linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva, na CEC ikiwa imewashwa kwenye menyu, ukiwasha kimoja na kingine huamka.

*Umeme na mfuko.* Mashine moja, joto la moja, soketi moja ya kuchomoa radi ikianza. Unanunua waya wa spika tu.

Inamfaa ambaye hana ampli bado, au anayo lakini hajawahi kuzilinganisha zikiwa kwenye sauti sawa. Sisitiza hapo penye "sawa": sikio hudanganywa kirahisi na ile inayopiga juu kidogo.

Njia ya 2: Risiva iwe kichwa, pawa ampli iwe misuli

Hapa risiva inafanya kazi ya akili yote, kisha chaneli mbili za mbele zinatoka kwa RCA kwenda kwenye pawa ampli, yaani ampli ya kusukuma spika tu, nayo ndiyo inayozisukuma spika kubwa. Sharti ni moja: nyuma ya risiva pawe na matundu yaliyoandikwa PRE OUT kwa ajili ya FRONT, kushoto na kulia. Risiva za bei ya chini nyingi zina tundu moja tu la SUBWOOFER PRE OUT, na hilo silo. Zile homu thieta za kununua boksi zima, deki na spika zake ndani, hazina kabisa.

*Muziki.* Sauti bado inapita kwenye ubongo wa risiva, kwa hiyo marekebisho ya chumba yanabaki na sabufa inaendelea kufanya kazi. Kinachobadilika ni msukumo. Spika za ohm 4 hushukuru. Spika nyepesi za ohm 8 kwenye chumba kidogo huenda zisiseme lolote.

*Sinema.* Faida ndogo ila ya kweli: risiva imetuliwa mzigo wa spika mbili kubwa, hivyo nguvu yake inabaki kwa ya kati na za nyuma. Ukishaunganisha, pima chumba upya kwa ile maikrofoni, maana ampli mpya haikuzi sauti kwa kiwango kilekile cha ile ya ndani.

*Mwenye rimoti.* Voliumu ni moja, ya risiva. Kazi iliyobaki ni kuwasha ampli. Washa risiva kwanza, ampli baadaye. Wakati wa kuzima, ampli itangulie, la sivyo spika zitagutuka kwa kishindo. Mashine zenye tundu la TRIGGER la volti 12 huwashana zenyewe.

*Umeme.* Mashine mbili kila mara, hata kwa taarifa ya habari. Halafu pawa ampli nyingi nzuri zinazofika huku ni mtumba wa Japani. Geuza usome kibandiko cha nyuma. Ikisema 100V, usiichomeke ukutani. Umeme wetu ni volti 230. Inataka transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapo nyuma, na transfoma hiyo nayo ni mzigo na joto.

*Mfuko.* Ampli, waya wa RCA, pengine transfoma.

Inamfaa mwenye spika ngumu anayependa risiva yake na anataka kila kitu kipite humo.

Njia ya 3: Ampli ya stereo yenye baipasi

Hii ndiyo inayotafutwa na wengi, na ndiyo yenye mitego mingi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Ampli ya stereo iliyo kamili ina voliumu yake na matundu yake ya deki, simu, hata gramafoni. Baadhi zina tundu la ziada lililoandikwa HT BYPASS, MAIN IN au PROCESSOR. Ishara ikiingia hapo huruka kitufe cha voliumu na kwenda moja kwa moja kwenye misuli. Wakati wa sinema, risiva inatuma PRE OUT yake kwenye baipasi, na ampli inageuka kuwa pawa ampli kama ya njia ya 2. Wakati wa muziki unazima risiva, unachagua deki iliyochomekwa kwenye ampli yenyewe, na risiva haihusiki tena.

*Muziki.* Ni stereo tupu kutoka deki hadi spika. Kama ampli yako ina mkondo wa gramafoni mzuri na una santuri za mzee, hapa ndipo zinapopata haki yake. Ila kuna vitu viwili vinapotea. Marekebisho ya chumba yamebaki kwenye risiva iliyolala. Sabufa nayo, kama imechomekwa kwenye risiva tu, inanyamaza. Kwa spika ndefu zenye besi zao hilo si msiba. Kwa spika ndogo za mezani, ngoma ya bugobogobo itageuka kuwa kugonga debe. Tiba yake ni sabufa inayopokea njia mbili, RCA kutoka kwa risiva na waya kutoka kwenye matundu ya spika ya ampli. Sabufa za namna hiyo zipo, ila soma maelezo yake kabla ya kufunga.

*Sinema.* Sawa na njia ya 2, mradi baipasi ni ya kweli. Kama ampli yako haina baipasi, bado unaweza kutumia AUX: chagua sehemu moja ya voliumu, weka alama ya kibandiko, pima chumba ikiwa hapo, na kila wakati wa sinema rudisha kitufe kwenye alama. Inafanya kazi. Inafanya kazi mpaka siku mtoto afute vumbi na kukizungusha, halafu mtazame nusu ya sinema mkijiuliza kwa nini risasi zinalia kwa jirani.

Na sasa mtego mbaya kuliko yote. Tundu la baipasi halina voliumu, kwa hiyo usichomeke hapo simu wala deki. Inaweza kupiga kwa nguvu zake zote tangu sekunde ya kwanza, na tweta, zile spika ndogo za sauti nyembamba, huwa za kwanza kufa.

*Mwenye rimoti.* Kwa muziki ni raha. Kwa sinema ni hatua mbili: washa risiva, kisha washa ampli uchague baipasi. Mama mkwe akija wikiendi, mwandikie kwenye karatasi.

*Umeme.* Kwa muziki mashine moja, kwa sinema mbili. Pia jiandae kwa mngurumo. Unapounganisha mashine mbili kwa RCA, na kwenye runinga kuna waya wa antena au dishi, ardhi zao, yaani njia za ethi, zinaweza kugombana na spika zikavuma ule mvumo mzito wa umeme wa hezi 50. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Mvumo ukiendelea, chomoa waya wa antena. Mvumo ukikata, mchawi umempata, na kuna kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinachowekwa kwenye waya huo. Kukata pini ya ethi ni ushauri wa mafundi wenye haraka. Usikubali.

*Mfuko.* Kama ampli unayo na risiva ina PRE OUT, ni gharama ya waya wa RCA. Ukianza na mikono mitupu, ni ghali.

Inamfaa anayesikiliza muziki kwa kukaa chini na kusikiliza, ambaye sinema kwake ni ya wikiendi.

Njia ya 4: Swichi ya kubadilishana spika

Kiboksi chenye pande mbili za kuingia, ampli huku na risiva kule, na upande mmoja wa kutoka kwenda kwenye spika za mbele. Unabonyeza, spika zinahama mume.

*Muziki.* Kamili, ni wa ampli peke yake, na lile la sabufa kunyamaza linajirudia.

*Sinema.* Kamili pia, risiva inasukuma zote. Marekebisho ya chumba hayaguswi na mtu yeyote kwa sababu mashine hizi mbili hazijuani kabisa. Mvumo wa ardhi nao hupungua nafasi ya kutokea. Hata risiva isiyo na PRE OUT inakubali.

*Mwenye rimoti.* Utainuka. Na usibonyeze wakati mashine inapiga. Shusha sauti, simamisha, ndipo ubadilishe. Ampli za taa za kioo hazitakiwi kupigishwa bila spika, kwa hiyo mwenye nayo aiepuke njia hii.

*Umeme.* Inayotumika tu ndiyo inayowashwa.

*Mfuko.* Rahisi kuliko pawa ampli, lakini usinunue kiboksi chochote. Kiwe kinaachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine, na kikate nyaya zote mbili, chanya na hasi. Viboksi vinavyounganisha hasi zote pamoja vinaweza kuua ampli ambazo hasi yake nayo ina umeme, na ampli ndogo za kisasa nyingi ziko hivyo.

Inamfaa mwenye risiva ya kawaida na ampli anayoithamini, asiyechoka kunyanyuka.

Njia ya 5: Kila moja na spika zake

Stereo iende chumba kingine, au pembe nyingine ya sebule na spika zake. Muziki na sinema havigombani, kila mtu anawasha chake, waya haziingiliani. Gharama ni jozi nyingine ya spika na nafasi. Kwenye nyumba za mlimani ambazo sebule imebanwa na jiwe upande mmoja, nafasi ndiyo haipo. Penye chumba cha ziada, sioni sababu ya kumsumbua mtu na hizo baipasi.

Mambo ya ziwani

Yeyote anayeishi hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, anajua radi za ziwa zinavyokuja usiku. Kila mashine unayoongeza ni pini moja zaidi ya kuchomoa, na radi haipiti ukutani tu. Waya wa antena huileta hadi kwenye HDMI. Njia ya 2 na ya 3 zimefunga kila kitu pamoja kwa waya, kwa hiyo kimoja kikipigwa, kingine kiko jirani. Zile za 4 na 5 zina mpasuko katikati. Kwangu hilo lina uzito, pengine kuliko linavyostahili.

Kuna pia wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata taa. Wanaingia kwenye matundu ya hewa ya ampli, wanakauka humo, na unyevu unawagandisha. Mara moja moja chomoa mashine, ngoja ipoe, ipanguse kwa brashi laini. Halafu kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya ampli kitolewe kabla ya kuwasha, hata kama kilifumwa na bibi. Usibebeshe ampli juu ya risiva. Risiva hutoa joto juu, na ampli inayolala pale inaanza kazi ikiwa imeshachemka.

Mabati na mvua sina la kusema. Mvua ikija, hakuna ampli itakayoishinda.

Kwa hali yako

Kama hujanunua kitu bado na sinema na muziki ni nusu kwa nusu, anza na njia ya 1, ukichagua risiva yenye PRE OUT za mbele hata kama hutazitumia mwaka huu. Spika za ohm 4 na chumba kikubwa zinaelekea njia ya 2. Mwenye santuri, na ampli iliyo na baipasi ya kweli, ya 3 imetengenezwa kwa ajili yake. Mwenye ampli ya urithi na risiva isiyo na PRE OUT, ya 4. Nyumba yenye watu wengi na rimoti isiyo na mwenyewe, ama ya 1 au ya 5, na ya 3 isiguswe. Anayepanga chumba kimoja na kuhama kila mwaka, ya 1, utabeba kimoja.

Shemeji aligeuza risiva yake tukakuta tundu moja jeusi, la sabufa. Ampli ya mzee nayo haina baipasi. Zikabaki ya 1, ya 4 na ya 5, na dada yangu alishasema spika nyingine haziingii mle ndani. Tukajaribu ya 1 kwa wiki moja. Sinema watoto walifurahi. Yeye alisema kwaya "inaimba ila haipumui", maneno ambayo sina kipimo chake lakini spika ni zake. Sasa ana swichi. Ameiweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo kitinda mimba hafiki hata akipanda kiti.